Penrith: majengo marefu kando ya mto

Mji wa Penrith uko kilomita 50 hivi magharibi mwa kitovu cha Sydney, nchini Australia, kwenye ukingo wa mto Nepean. Reli iliufikia mwaka 1863. Mwaka 1867 bonde hilo lilikumbwa na mafuriko makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa huko.

Leo majengo ya ghorofa nyingi yanachomoza katikati ya mji. Suala si urefu pekee: mto ukifurika, wakazi wote hao watahamishwa kwa barabara zipi? Bwawa la Warragamba, lililokamilika mwaka 1960, lilijengwa kuhifadhi maji ya matumizi, si kuzuia mafuriko.

Joto nalo ni mtihani. Tarehe 4 Januari 2020 lilifikia nyuzi 48.9 za Selsiasi. Umeme ukikatika, ghorofa lisilopitisha upepo hugeuka tanuri.