Kwa nini toroli bado hupakuliwa kwa keshia

Mwaka 1994, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika Kusini, CSIR, ilionyesha mfumo ulioitwa Supertag. Toroli lenye bidhaa 35 lilipitishwa mbele ya antena, na kila bidhaa ikajitambulisha kwa kibandiko cha redio bila kutolewa torolini. Mhandisi Mike Marsh baadaye aliiendeleza kazi hiyo kupitia kampuni yake ya Trolley Scan, mjini Johannesburg.

Hata hivyo, foleni hazikutoweka. Kibandiko hakina betri. Hupata nguvu kutokana na mawimbi ya antena. Kopo la bati huyarudisha mawimbi hayo, nayo maziwa na maji huyafyonza. Kibandiko kilichozibwa hukaa kimya, na mashine haijui kuwa ipo bidhaa isiyohesabiwa. Nguvu ya antena ikizidishwa, huenda ikasoma toroli la jirani, na mteja akatozwa asichonunua.

Gharama nayo ni kikwazo: mistari ya kusomwa kwa mwanga huchapwa tu juu ya pakiti, ilhali kibandiko hununuliwa.

Kwa sababu hizo, vibandiko vimefaulu zaidi katika maduka ya nguo, kama ya Uniqlo. Kitambaa hupitisha mawimbi, na bei ya shati huweza kubeba gharama ambayo mkate hauwezi.