Demani: Neno la Jahazi kwa Baiskeli za Rongai

Tangu marehemu Suleiman Kangangi ashike nafasi ya tatu katika mbio za baiskeli za Tour du Rwanda za 2017, watangazaji wetu wanahitaji jina la ile mbinu ya mwendeshaji kujikinga upepo kwa mwili wa mwenzake. Sasa kuna orodha ya istilahi inayowapa hili: "ufuataji wa nyuma katika mkondo wa hewa". Maneno saba! Kocha akimaliza kuyatamka, kijana wake keshaachwa na kundi.

Urefu ningeusamehe. Kosa ni hilo "nyuma". Walioketi mezani kulitunga bila shaka hawajawahi kuendesha baiskeli kutoka Kampi ya Moto, kule Rongai, kwenda Mogotio, kati ya mashamba ya mkonge, upepo ukipiga ubavuni. Ukivuma kutoka kulia, kinga iko kushoto kwa mwenzako, nyuma kidogo. Ndiyo maana waendeshaji hujipanga mshazari kuvuka upana wa barabara, na barabara ikijaa, waliobaki hujipanga mmoja nyuma ya mwingine ukingoni, wakipigwa na upepo na kuchoka. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikosa safu ya namna hiyo katika Tour de France, Julai 2013, kwenye njia ya Saint-Amand-Montrond, mpinzani wake Alberto Contador akamtoka kwa sekunde 69. Froome alikuwa nyuma, tena nyuma hasa kama orodha inavyoagiza.

Neno lipo, nalo ni demani. Mabaharia huita hivyo upande wa chombo usiopigwa na upepo. Upande wa pili ni joshi, au goshi kwa wengine. Demani pia ni kamba ya kuongozea pembe ya tanga, na ni majira ya kuelekea mwisho wa kusi. Kiajemi kina daman, pindo la vazi, nami sioni haja ya kutafuta asili mbali zaidi: tanga ni vazi la chombo, na pindo ndipo kamba inapofungwa. Tazameni lilivyo sahihi. Demani haisemi nyuma wala mbele, hufuata upepo. Upepo ukigeuka, nayo huhama.

Nilipeleka pendekezo hili kwa maandishi kwa watunzi wa orodha. Jibu, baada ya miezi, lilikuwa kwamba Rongai haina bahari. Naam, haina. Lakini mwendeshaji wa Rongai anashika usukani, neno la chombo kabla ya kuwa la baiskeli. Timu yake ina nahodha. Akichoka akapanda matatu, analipa nauli, ambayo kwanza ilitozwa chomboni. Maneno matatu yamepanda Bonde la Ufa bila kuombwa pasipoti, la nne ndilo lizuiwe Mombasa?

Mwenzangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu kwa mengine, anatetea "udandiaji". Kudandia ni kushika. Anayening'inia kwenye lori mpandoni kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan ndiye adandiaye, na kocha mwenye akili hawezi kuifanya tabia hiyo kuwa jina la mbinu. Kuhusu wale wa "kunyonya gurudumu", waliolinakili kutoka Ulaya neno kwa neno, nitanyamaza kwa heshima ya wasomaji wadogo.

Matumizi: kaa demani, toka demani, mpe mwenzako demani, anayekata upepo yuko joshini, na waendeshaji wapokezane zamu. Kwenye tambarare faida ni kubwa, kwa kuwa kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kuishinda hewa hufika mara nane. Mpandoni Sachangwan, mwendo ukiwa mdogo, faida ni ndogo mno. Wingi wa demani ni demani vilevile.