Kericho: Historia Fupi ya Mji wa Majani Chai

Reli haikupita Kericho. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilikuwa imepitia Lumbwa, stesheni tunayoiita leo Kipkelion, na mji wetu ukabaki vilimani ukingoja mizigo yake ije kwa mikokoteni ya ng'ombe. Nchi ilikuwa ya Wakipsigis, watu wa mifugo na wimbi. Waingereza walijenga kituo chao cha utawala, na mwaka 1905 askari wao wakaenda Sotik kuwaadhibu Wakipsigis. Hayo wazee wetu waliyasimulia kwa kifupi, nasi tuyaache kwa kifupi.

Watu hudhani chai ndiyo iliyotangulia. Sivyo! Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani waligawiwa ekari 25,000 hapa walime kitani. Waliokuwa wakichunga hapo hawakuulizwa. Bei ya kitani ikaporomoka na mradi ukafilisika. Katikati ya miaka ya 1920 ndipo zikaja kampuni za chai Brooke Bond na James Finlay, na mche wa chai ukaupenda udongo wetu mwekundu na mvua yetu ya kila alasiri.

Katika waanzilishi, wawili hatuchoki kuwataja. Ian Orchardson, mwana wa mchoraji mashuhuri wa Uskoti, alilima chai na kuishi na Wakipsigis hata akaandika kitabu kuhusu mila zao. Na Baba Puran Singh, fundi aliyetoka India akafika Kenya mwaka 1916. Kericho iligeuka kuwa sehemu ya jina lake: alipohamia Birmingham uzeeni, Masingasinga wa huko walimwita Baba wa Kericho. Gurdwara yetu nzuri, hekalu la Masingasinga, ni kumbukumbu yake.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamishia ukoo wa Talai wa Wakipsigis huko Gwassi, mbali na kwao. Kidonda hicho hakijapona sawasawa.

Mvua nayo ina visa vyake. Mvua ya mawe ilichana majani kiasi kwamba miaka ya 1960 makampuni yalikodi ndege kwenda kupambana na mawingu! Wakati huohuo wanasayansi walikuwa wakipima mito ya msitu wa Mau, kujua kama chai ingekausha maji.

Mengine tuyaorodheshe: 1951, taasisi ya utafiti wa chai; 1964, KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai ya Kenya, iliyompa mkulima mdogo kiwanda na bonasi, na mwaka huohuo Wilson Kiprugut, kijana wetu, akaipatia Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki kule Tokyo; 1992, Bomet ikawa wilaya inayojitegemea; 2013, serikali za kaunti na hati ya Chuo Kikuu cha Kabianga; 2015, Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Makampuni yamebadili majina na wamiliki, na mashine za kuchuma zimeingia, si bila mabishano.

Shukrani zetu za kwanza ni kwa wachumaji: Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Waluhya, walioamka alfajiri na kapu mgongoni, wakachuma majani mawili na chipukizi, kisha wakarudi jioni kwenye nyumba za kambi. Majina yao hayamo katika orodha za wakurugenzi. Tukisimamisha kibao kando ya barabara kuu kueleza nani aliuanzisha mji huu, mstari wa kwanza uwe wao.