Paka wa kufugwa mkoani Simiyu
Paka wa kufugwa (Felis catus) mkoani Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 wenye makao makuu Bariadi, huthaminiwa hasa kwa kuwinda panya wanaoshambulia mahindi na mtama. Asili yake ni kimburu (Felis lybica), anayeishi hadi leo katika mbuga jirani ya Serengeti. Wawili hao huweza kuzaliana. Tabia za paka wa kufugwa hutofautiana mno: mmoja hujisugua miguuni mwa kila mgeni, mwingine hujichimbia uvunguni mpaka mgeni aage. Huchangamka alfajiri na magharibi, saa ambazo mwenye nyumba angependa utulivu. Kukanda blanketi kwa miguu ya mbele ni tabia ya utotoni, ya kuchochea maziwa ya mama.