Jina la Seremala Juu ya Dirisha: Ujenzi wa Little Moreton Hall, Uingereza

Historia ya majumba ya kale ya Uingereza aghalabu huandikwa kwa majina ya wenye mali. Makala hii inachunguza nyumba moja, Little Moreton Hall ya Cheshire, ambamo fundi naye aliacha jina lake.

Ukoo wa Moreton ulianza kuijenga mwanzoni mwa karne ya 16, na kazi ikaendelea kwa awamu hadi yapata mwaka 1610. Mifupa yake ni miti ya mwaloni. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji msamiati wa kigeni kuieleza: zipo nguzo, ipo mitambaapanya, yapo makombamoyo, na katika ujenzi wa aina hii nafasi zilizo kati ya nguzo zilijazwa fito zilizokandikwa udongo, kama tujuavyo katika nyumba za udongo za pwani yetu. Tofauti imo katika viungo. Huku fito hufungwa kwa kamba. Kule seremala alichonga ulimi mwishoni mwa boriti moja, akauingiza katika tundu la nyingine, kisha akapigilia kigingi cha mbao. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, ukakaukia mahali pake, na ulipokauka ulijipinda.

Mwaka 1559 yaliongezwa madirisha makubwa yanayochomoza uani. Juu yake pamechongwa maandishi mawili. La kwanza lamtaja William Moreton kuwa ndiye aliyeyajengesha. La pili lamtaja seremala, Richard Dale, kuwa ndiye aliyeyafanya kwa neema ya Mungu. Kitenzi ni kile kile kwa wote wawili, na Kiingereza hakina kauli ya kutendesha kama yetu ya kutenganisha aliyejenga na aliyejengesha. Tahajia yake imewachekesha baadhi ya wageni, bila haki: kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya Robert Cawdrey, ilitoka mwaka 1604. Dale hakukosea kanuni yoyote, kwani haikuwapo.

Ukumbi mrefu wa ghorofa ya juu, wenye urefu wa takriban mita 21, hauna jina la fundi. Unaelekea kuwa wazo la baadaye: uliwekwa juu ya jengo la kusini na kuezekwa kwa vigae vizito vya mawe. Uzito huo ulizipinda sakafu na kuta za chini, hata ikalazimu fito za chuma ziingizwe baadaye. Wengi huusifu mpindo huo kwa uzuri wake. Mimi nauona kuwa kosa la kiufundi. Hata rangi nyeusi na nyeupe ya nyumba za namna hii, inayodhaniwa kuwa ya asili, kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 viliufilisi ukoo wa Moreton, uliomuunga mkono mfalme. Nyumba ikapangishwa kwa wakulima, na kwa kukosa fedha hakuna aliyeibomoa ili kujenga ya kisasa. Mwaka 1938 ilikabidhiwa kwa National Trust, na jina la Dale lingali linasomeka kutoka uani.