Matatu Zinapovuliwa Rangi

Nganya, yaani matatu ya michoro na muziki, ikishachoka Nairobi, mara nyingi huja kuvuliwa upande wetu. Mwenyewe ameshaiuza, na aliyeinunua anataka kuipeleka Matuu, Gatanga au Kilimambogo, njia ambazo abiria hupanda na magunia ya mahindi na majembe. Mtu huyo hahitaji picha ya mwanamuziki wa Marekani ubavuni mwa gari. Anataka rangi nyeupe, mstari wa manjano, na viti vinavyosafishika kwa kitambaa chenye maji. Basi wapiga rangi hukwangua michoro, fundi wa umeme hung'oa spika na televisheni, na viti huletwa kwangu. Mimi ni fundi wa viti, karakana yangu iko Landless, Thika, kando ya barabara ya Garissa, na kazi hii nimeifanya tangu enzi za Moi.

Jambo lililonisukuma kuandika ni wale vijana wanaozifuata gari hizi hadi huku. Wanatoka Buruburu, Umoja, wengine Rongai, wanalipa nauli mpaka Thika, wanapanda bodaboda hadi Landless, ili waitazame nganya waliyoipenda ikigeuzwa kuwa gari la kawaida. Wanapiga picha. Wanagusa mahali palipokuwa na jina. Mmoja wao, kijana mpole aliyevaa sare ya mlinzi, alinikuta nikichana kitambaa cha mgongo wa kiti chenye jina la gari lililotariziwa kwa uzi mwekundu. Akaniambia, "Mathe, hicho usitupe, tafadhali. Nilikuwa nakikalia kila Jumamosi." Nilikikata vizuri pembeni, nikamkunjia, akaondoka nacho.

Walio na umri wangu wakisikia habari hizi husema vijana wamerukwa na akili. Mimi nakataa. Januari 2023, bustani ya Walt Disney World kule Florida ilipofunga mchezo wake wa maji uitwao Splash Mountain, ambao ulikuwa umedumu miaka zaidi ya thelathini, mashabiki walichota maji yake wakayatia kwenye mitungi na kuyauza mtandaoni. Watu wazima walilia kwenye foleni ya mwisho. Anayelilia mashua ya plastiki inayoteremka mlima wa bandia na anayelilia Isuzu ya viti 33 wanalilia kitu kimoja: mahali ambapo mwili wao ulifurahi, na ambapo hawatakaa tena.

Sisi hatukuwa na bustani za aina hiyo. Mtoto wa Thika aliyetaka kuzungushwa hewani alingoja maonyesho ya kilimo kule Jamhuri, Nairobi, mara moja kwa mwaka, na hapo awe na mzazi mwenye nauli na kiingilio. Raha ya siku za kawaida ilikuwa safari yenyewe. Ndiyo maana nasema historia ya matatu ni historia ya starehe ya wasio na pesa, na kwamba tumeiandika kama historia ya ajali na rushwa peke yake.

Thika ilianza na reli. Njia ya treni kutoka Nairobi ilifika hapa 1913, kwa ajili ya mazao ya walowezi, kisha ikasukumwa kaskazini hadi Nanyuki. Nairobi yenyewe ilipata mabasi ya Kenya Bus Service mwaka 1934. Mabasi yale yalikuwa na ratiba, tiketi na kondakta mwenye kofia, na yalikwenda yalikoruhusiwa kwenda. Mwafrika aliyeishi nje ya njia hizo alitembea. Kwenye miaka ya mwisho ya ukoloni, watu wenye magari makuukuu walianza kubeba majirani kwa senti chache, kinyume cha sheria, wakiwakwepa polisi. Mambo yaliendelea hivyo hadi 1973, Mzee Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba matatu zinaweza kubeba abiria bila leseni ya gari la umma. Ghafla kila aliyekuwa na pikapu alikuwa na biashara.

Pikapu hizo ndizo ninazozikumbuka kwanza. Fundi aliweka bodi ya bati na mbao nyuma, akaacha mlango wazi, akapigilia mabenchi mawili kwa urefu, abiria wakakaa wakitazamana, magoti yakigusana. Asiyepata benchi alisimama ameinama kwa sababu paa lilikuwa chini. Makanga alining'inia nje, mkono mmoja kwenye keria, mwingine ukipiga bati: mara moja simama, mara mbili twende. Mabenchi yalifunikwa reksini, na ndani yake mafundi walijaza chochote walichopata. Hapa Thika walikuwa na bahati, kwa maana mji ulikuwa wa viwanda vya nguo na mabaki ya pamba yalipatikana kwa bei ya chini. Aliyenifundisha kazi, mzee wa Makongeni, alisema benchi la Thika lilijulikana hata Murang'a kwa ulaini wake. Siwezi kuthibitisha kauli ya mtu aliyesifia kazi ya mikono yake, lakini nimefumua mabenchi yake ya zamani na pamba ilikuwa bado imekaa mahali pake.

Kutoka Thika kwenda Nairobi kwa gari kama hilo ulipita mashamba. Juja ilikuwa katani na nyasi. Ruiru ilikuwa kahawa, pande zote za barabara, na wakati wa maua harufu iliingia ndani kwa sababu hapakuwa na kioo cha kuizuia. Leo njia hiyo ni ghorofa baada ya ghorofa. Abiria wa sasa ana kiti bora kuliko changu cha utotoni, lakini dirishani hana cha kutazama.

Serikali nayo ilijaribu kushindana. Mwaka 1986 ilianzisha mabasi ya Nyayo, yakiendeshwa na vijana waliopitia Huduma ya Vijana kwa Taifa, na nauli yake ilikuwa nafuu. Kufikia katikati ya miaka ya tisini shirika lilikuwa limeanguka. Mwaka 1991 Stagecoach ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya Kenya Bus, na kufikia 1998 ilikuwa imeuza na kuondoka. Matatu zilibaki.

Nilianza kazi katika muongo huo wa tisini, na sitaona tena muongo kama huo. Nissan zilikuwa zimeingia, na nyuma yake Isuzu ndogo za viti ishirini na kitu, tukaziita manyanga. Wenye gari walianza kushindana kwa uzuri. Mmoja akiweka taa za buluu sakafuni, jirani yake anaweka za zambarau. Spika ziliwekwa chini ya viti, na hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika, kwa sababu ilinibidi kujifunza kutengeneza kiti kinachotetemeka bila kuchanika. Sponji laini mno humeza mdundo, na abiria akalalamika kwamba muziki haumfikii. Sponji ngumu humuumiza akifika Githurai. Nilikuwa nikiweka tabaka mbili, ngumu chini na laini juu, na mshono wa pembeni nikaupiga mara mbili kwa uzi wa nailoni. Kijana akiketi, besi ilimpanda kutoka mgongo wa chini hadi kifuani. Hakuna mchezo wa bustani yoyote uliomgusa mtu hivyo kwa shilingi chache.

Usijidanganye kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Gari la viti kumi na vinne lilibeba ishirini. Madereva walikimbizana. Nimewahi kuletewa viti vilivyotoka kwenye ajali, nikavifumua, na nilichokutana nacho kwenye sponji sitakieleza hapa. Nilichoma kila kitu, nikashona vipya.

Kwa hiyo sheria za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kutumika tarehe 1 Februari 2004, sikumchukia kama walivyomchukia wengine. Mikanda kwenye kila kiti. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mstari wa manjano, jina la njia ubavuni, sare kwa dereva na kondakta, na hakuna abiria zaidi ya viti. Gari nyingi zilibaki nyumbani na watu walitembea kwenda kazini. Mafundi wa viti hatukulala. Kila gari la Kiambu na Murang'a lilitaka mikanda kwa wakati mmoja, na kiti kilichotengenezwa kushikilia mtu tu sasa kilitakiwa kushikilia mkanda wenye mtu anayerushwa mbele. Fremu nyingi zilikuwa dhaifu mno. Tuliziongezea vyuma, tukafunga upya boliti kwenye sakafu. Najua kazi hiyo iliokoa watu, na najivunia kuwa na mkono ndani yake.

Lakini ndani ya miezi hiyo michache, rangi zote za miaka ya tisini zilifutwa. Zilifutwa kweli, kwa msasa, kisha nyeupe juu yake. Kazi ya wachoraji waliojifunza kwenye bati za Buruburu na Eastleigh ilitoweka na hakuna aliyefikiria kuhifadhi hata ubavu mmoja wa gari. Hapo ndipo ninapoona kosa. Usalama ulihitaji mikanda, haukuhitaji kuangamizwa kwa kila picha.

Barabara nayo ikabadilika. Kati ya 2009 na 2012 Thika Road iligeuzwa kuwa barabara kuu ya takriban kilomita 50, Kibaki akaifungua Novemba 2012, na mizunguko ya Pangani na Muthaiga tulimokuwa tukikwama ikazikwa chini ya madaraja. Namba 237, njia ya matatu ya Thika na Nairobi, ikawa safari ya haraka. Miaka miwili baadaye Uhuru Kenyatta alisema michoro iruhusiwe, kwamba ni kazi ya vijana, na nganya za sasa zikazaliwa: bodi ndefu juu ya chesi ya Isuzu, skrini kila upande, intaneti ya bure, viti vilivyoshonwa kwa nyuzi za rangi tatu. Msako wa polisi wa Novemba 2018 uliziumiza lakini haukuziua.

Maisha ya nganya ni mafupi. Mwenye gari hukopa mamilioni, na nganya huwa ya kutamaniwa kwa mwaka mmoja, miwili ikiwa na bahati. Katika muda huo inaweza kutoza nauli ya juu na vijana wakaacha gari tupu lipite wakiisubiri. Kisha inatoka mpya. Makanga wake, waliokuwa kama nyota wa sinema kwenye steji, wanahamia huko, na mashabiki nao. Mkopo ukiisha au ukishindikana, gari linauzwa. Ndipo linapofika kwangu.

Hawa vijana wanaokuja Landless wanafanya kazi ambayo taifa limeiacha. Wana picha za kila nganya, wanajua nani aliichora, nani alijenga bodi, ilitoka gereji tarehe gani na safari yake ya mwisho ilikuwa lini. Nimewasikia wakibishana juu ya rangi ya viti vya gari lililovuliwa zamani, na aliyekuwa sahihi nilimjua, kwa kuwa viti hivyo nilivishona mimi.

Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971. Nimewahi kwenda huko na wajukuu. Kuna injini kubwa za mvuke zenye majina ya milima, na kuna behewa ambamo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall mwaka 1900 pale Kima, akamla. Behewa limetunzwa, limepakwa rangi, limeandikwa maelezo. Sina neno. Lakini Wakenya waliosafiri kwa behewa hilo ni wachache, na waliolelewa na matatu ni sisi sote, na sijaona popote pikapu ya mabenchi mawili iliyotunzwa, wala manyanga ya 1998 yenye rangi zake. London ilipoondoa mabasi ya Routemaster kwenye njia za kawaida, Desemba 2005, iliacha machache yaendelee kubeba watu kwenye njia ya kumbukumbu, na mengine yakapata watu wa kuyatunza. Waingereza hawakuona aibu kulipenda basi.

Sisi tunaona aibu. Matatu tunaihusisha na makelele, matusi na hongo, kwa hiyo tunaiacha iyeyuke kila inapomaliza zamu yake. Viwanda vya Thika vimeacha mabanda matupu ambayo lolote moja lingetosha magari matatu: pikapu, manyanga na nganya. Nganya si tabu, ninaletewa mara kwa mara na ningejua ya kuchagua. Manyanga ingebidi ijengwe upya kutokana na picha, na vijana wanazo. Pikapu ndiyo yenye haraka, kwa sababu wanaojua kupigilia bodi ile ya bati na mbao wamebaki wazee wachache Makongeni na Kiganjo, na mmoja wao macho yameanza kumsumbua. Ameniambia akipewa mbao na mtu wa kumshikia upande wa pili, ataimaliza. Mabenchi nitayashona mimi, kwa pamba, na reksini ya kahawia ninayo.