Kutoka Usukani wa Lori Hadi Usukani wa Ndege: Je, Urubani Bado Unafaa?



Ndugu wasomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mzazi mmoja wa hapa Busiu alitungoja nje ya msikiti. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, amefaulu hisabati na fizikia, na hataki kusikia kazi nyingine isipokuwa urubani wa ndege. Mzazi ana ekari tatu alizorithi kwa baba yake. Swali lake lilikuwa fupi: "Ustadh, niliuze shamba?"

Hatukumjibu usiku ule. Sisi ni walimu wa madrasa, hatujawahi kuongoza hata pikipiki vizuri. Tulimuahidi tu kwamba tutaitazama tarehe ya jambo hili, kwani anayejua walikopita wenzake hupunguza kupotea. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika hapa kwa sababu tunajua si yeye peke yake anayeuliza.

Babu zetu na usukani

Tuanze karibu na nyumbani. Mji wa Mbale ulikua mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya Semei Kakungulu, na tangu mapema ulikuwa na wafanyabiashara wa Kiswahili, Waarabu na Wahindi. Uislamu ulikuwapo mjini. Kilichokosekana ni shule. Katika Uganda ya ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walihofia kuwapeleka watoto wao huko wakarudi na dini nyingine. Chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, chini ya Mwanamfalme Badru Kakungulu, kilikuja katika miaka ya 1940, wakati wenzetu walikuwa wameshatangulia mbali.

Matokeo yake yanajulikana. Waislamu wengi wa nchi hii walibaki na biashara ndogo, uchinjaji wa nyama na udereva. Hizi ni kazi za halali na hatuzidharau, maana zilitulea sisi sote. Lakini tukumbuke kwamba wengi hawakuzichagua. Walizikuta ndizo zilizobaki. Kwa hiyo mtoto wa Busiu akisema leo anataka kuendesha ndege, tusimcheke. Babu yake alishika usukani wa lori kwa kukosa darasa. Yeye ana darasa.

Ndege zilivyofika kwetu

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza safari za barua kutoka Croydon, karibu na London, hadi Mwanza. Njia ilifuata mto Nile, ikagusa Port Bell na Kisumu. Baadaye zilikuja ndege kubwa za kutua majini, na ziwa letu likawa kiwanja.

Tarehe 1 Januari 1946 ikazaliwa East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Ilikua haraka. Mwaka 1960 ilikuwa tayari na ndege za jeti aina ya Comet, na mwaka 1966 ikapata Super VC10, moja ya ndege za fahari za wakati ule. Lakini marubani wake wa miaka ya mwanzo walikuwa Wazungu. Bendera za uhuru zilipopandishwa, nchi zetu zilikuwa na ndege bila ya wana wa kuziongoza.

Ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilipoanzisha chuo cha urubani mwaka 1971. Ndugu wasomaji, hakikujengwa Nairobi wala Dar es Salaam. Kilijengwa Soroti, kama kilomita 100 tu kutoka Mbale, mbele ya Kumi. Vijana wa nchi tatu wakaja hapa mashariki ya Uganda kusomea urubani na ufundi wa ndege. Watoto wetu wengi hawajui hivyo, na pengine hata sisi wazazi tulikuwa tumesahau.

Mashirika yanayokufa

Sasa tufike pagumu, maana hatutaki kumpamba bibi harusi kwa uongo.

Chuo kilikuwa na umri wa miaka sita tu Jumuiya ilipovunjika. Mwaka 1977, baada ya ugomvi wa madeni baina ya serikali, East African Airways ilisimama. Kenya ikaunda shirika lake, Tanzania lake, na Uganda Airlines, iliyoanzishwa mwaka 1976, ikaachwa ijitegemee. Chuo cha Soroti kikabaki mikononi mwa Uganda, katika miaka ya vita na umaskini, na ndege za kufundishia zikapungua.

Uganda Airlines nayo ilivunjwa mwaka 2001. Alliance Air, ambayo Uganda ilishirikiana na Tanzania na Afrika Kusini, ilikuwa imekwishafungwa mwaka 2000. Mwaka 2007 ikaja Air Uganda, ya mfuko wa maendeleo wa Aga Khan, nayo ikasimama Juni 2014 baada ya mamlaka ya anga kuondoa vyeti vya mashirika ya nchi. Uganda Airlines ilifufuliwa na serikali Agosti 2019 ikiwa na ndege ndogo za Bombardier, kisha ikaongeza Airbus kubwa mbili. Haikutimiza hata mwaka, korona ikaja. Entebbe ilifungwa kwa ndege za abiria kuanzia Machi hadi mwisho wa Septemba 2020. Na ripoti za Mkaguzi Mkuu zimeonyesha hasara mwaka baada ya mwaka. Katika mwaka wa fedha 2022/23 pekee ilizidi shilingi bilioni 300.

Hesabu basi. Rubani wa Uganda aliyeanza kazi kijana mwaka 1971 angeweza kuona milango ikifungwa mara nne kabla ya uzee wake. Mzazi anayedhani urubani ni mshahara usiokatika hajaisoma tarehe hii.

Elimu inayobaki

Lakini tarehe ina upande wa pili. Shirika likifa, leseni na saa za kuruka hazizikwi pamoja nalo. Rubani hubeba elimu yake kichwani na kumbukumbu zake katika daftari la safari, akaenda panapohitajika.

Tazameni Dubai. Mwaka 1985 Emirates ilianza na ndege za kukodi kutoka shirika la Pakistan, PIA, lililokuwa na uzoefu mkubwa wakati huo. Leo mwanafunzi amekuwa mmoja wa wakubwa wa dunia, na mwalimu amedhoofika. Mwezi Juni 2020 waziri wa anga wa Pakistan alilieleza bunge kwamba leseni za marubani 262 zilitiliwa shaka, wengine wakidaiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine. Kuna waliosafishwa baadaye, lakini Ulaya iliifungia PIA kuruka huko hadi Novemba 2024. Shirika lililojengwa kwa miongo mingi likaangushwa na jambo tunalowakataza watoto wetu kila muhula: kuiba mtihani. Ukosefu wa amana darasani huonekana siku moja angani, na roho za watu zikiwemo ndani.

Hilo si la maneno tu. Tarehe 17 Oktoba 1988 ndege ya Uganda Airlines aina ya Boeing 707 ilianguka ikijaribu kutua Roma kwenye ukungu, na watu 33 wakafa. Hatumtuhumu yeyote kwa msiba huo. Tunaukumbusha ili kijana anayependa sare na kofia ajue kazi yenyewe ni nini.

Je, mashine hazitaichukua kazi hii?

Vijana huuliza hili, na ni swali la haki. Zamani chumba cha rubani kilikuwa na watu wengi: marubani wawili, mhandisi wa ndege, msoma ramani wa anga, na mtu wa redio. Mmoja baada ya mwingine waliondolewa na mashine, hadi wakabaki wawili. Yapo makampuni yaliyotaka abaki mmoja. Lakini wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, baada ya utafiti uliokamilika mwaka 2025, uliona kwamba usalama wa kutosha bado haujathibitika. Kwa upande mwingine Boeing, ambao wanauza ndege na hivyo tuwasikilize kwa tahadhari, wanakadiria kuwa dunia itahitaji marubani wapya zaidi ya 600,000 katika miaka 20. Kwa mtazamo wetu, anayeanza leo atapata kazi ya kufanya, ila atasoma mambo mapya mpaka siku ya kustaafu.

Tunamwambia nini mzazi?

Katika Andalusia ya karne ya 9 aliishi Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Cordoba. Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kwamba alijivika manyoya na mbawa, akaruka kitambo, kisha akaumia wakati wa kushuka. Walisema aliusahau mkia, na ndege hutua kwa mkia wake. Watoto wetu hupenda sehemu ya kuruka. Sisi wazazi tufikirie kutua.

Kutua hapa ni kumaliza. Leseni ya kwanza, ya binafsi, huhitaji angalau saa 40 za kuruka, lakini hailipwi mshahara. Leseni ya biashara, kwa vipimo vya kimataifa, ni saa 200, au 150 kwa kozi maalumu iliyoidhinishwa. Leseni ya juu ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ni saa 1,500. Gharama yote hufika makumi ya maelfu ya dola. Anayeuza shamba akapata fedha za nusu ya njia atabaki bila shamba na bila leseni. Huyo ameruka bila mkia.

Basi ushauri wetu ni huu. Kwanza, kijana apimwe afya, hasa macho na moyo, kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya anga, kabla ya kulipwa hata shilingi ya ada. Pili, aende Soroti yeye na mzazi wake. Ni safari ya asubuhi na kurudi. Waulize ndege ngapi zinaruka, kozi huchukua muda gani kwa kweli, na waliomaliza wako wapi. Tatu, wasimamie nafasi za ufadhili wa serikali na za mashirika yanayosomesha vijana wao wenyewe. Nne, wajue kuwa ndege hairuki kwa rubani peke yake. Fundi wa ndege na mwongoza ndege ni kazi za heshima, masomo yake ni nafuu, na milango yake haifungwi upesi kama ya marubani. Tano, mabinti wasiachwe nyuma katika hesabu hii. Kenya imemtoa Kapteni Irene Koki Mutungi, na Saudi Arabia imemtoa Hanadi al-Hindi.

Kuhusu shamba, tulimwambia asiuze lote. Ekari tatu ni za kijana, na pia za wadogo zake wanne na mama yao. Kama familia itakaa, ikapima, na ikaona sehemu moja inatosha pamoja na ufadhili, na warithi wote wameridhia, hapo ni rai yao. Kama haitoshi, kijana aanze na ufundi wa ndege, afanye kazi, ajilipie saa zake taratibu. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo tukatawakali.

Mzazi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo ndiyo, lakini si kwa shamba lote." Tulimwambia amefahamu vizuri. Wamepanga kwenda Soroti likizo ijayo, naye kijana ameshaandika maswali yake kwenye daftari.

Tunamuomba Allah awafungulie watoto wetu milango iliyokuwa imefungwa kwa babu zao, na awape marubani wetu amana kabla ya ujuzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.